Aliyeandika "Twae Wangu Uzima" alikuwa nani?

Mwalimu mmoja wa kwaya ameniandikia kwamba kwaya yake inaandaa jioni ya tenzi, na kwamba kabla ya kila wimbo mwanakwaya mmoja atasimama kueleza kwa kifupi habari za mtunzi. Kwa wimbo wa "Twae Wangu Uzima" wamepewa maelezo haya: mtunzi alikuwa mjane tajiri wa Uingereza ambaye, usiku mmoja baada ya kusikia mahubiri, aliuza vito vyake vyote, kisha akaketi na kuuandika wimbo kwa machozi kabla hakujapambazuka. Mwalimu anauliza kama habari hizi ni za kweli, mtunzi huyo alikuwa mtu wa namna gani, na kama ni vibaya kuuruka ubeti wa fedha na dhahabu, ule unaomwomba Mungu azitwae, kwa kuwa baadhi ya waimbaji wake wanaona kwamba kuuimba huku mtu hajatoa mali yake ni kusema uongo mbele za Mungu.

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kusimamisha mtu mbele ya usharika. Habari mliyopewa imeshonwa kwa vipande vya kweli, lakini mshono wake si wa kweli. Mtunzi anaitwa Frances Ridley Havergal. Hakuwa mjane, kwa maana hakuolewa kamwe, na hakuwa tajiri, bali binti wa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Wimbo aliuandika usiku, naam, usiku wa tarehe 4 Februari 1874, na machozi yalikuwamo katika nyumba ile, ila hayakuwa yake. Vito alivitoa pia, lakini alivitoa mwezi Agosti 1878, miaka minne na nusu baada ya kuandika. Muda huo uliopita katikati ndio ninaotaka muushike kuliko jambo jingine lolote nitakalosema hapa, kwa sababu wasimuliaji wamekwisha kuugeuza wimbo huu kuwa ushuhuda wa tendo lililokwisha kutendeka, ilhali yeye aliuandika kama ahadi, kisha akaitumia miaka mitano iliyobaki ya maisha yake kuurudia mstari kwa mstari na kujipima nao.

Frances alizaliwa tarehe 14 Desemba 1836 katika kijiji cha Astley, mkoa wa Worcestershire, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Jina la Ridley lilitoka kwa baba yake wa ubatizo, mtu aliyehesabiwa kuwa wa ukoo wa Askofu Nicholas Ridley, ambaye alichomwa moto mjini Oxford mwaka 1555 kwa ajili ya imani yake, na Frances alilichukua jina hilo kwa uzito mkubwa. Baba yake mzazi, William Henry Havergal, alikuwa kasisi wa kijiji hicho na mwanamuziki wa kweli. Mwaka 1829 alitupwa nje ya gari la farasi, akaumia kichwa vibaya hata akashindwa kufanya kazi ya kanisa kwa muda mrefu, na katika kipindi hicho cha udhaifu ndipo alipojitumbukiza katika muziki. Kazi yake ya kwanza kuchapishwa ilileta faida ya pauni 180, naye akaipeleka fedha yote kwa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana. Mwaka uleule aliozaliwa Frances, baba alitunukiwa nishani ya Gresham kwa muziki aliotunga wa ibada ya jioni. Nakuomba, Mwalimu, uikumbuke ile pauni 180, kwa kuwa tutakutana na chama hichohicho tena tutakapofika kwenye vito.

Mtoto alikuwa mwepesi wa akili na hatulii, hata baba akampa jina la utani la zebaki, ile madini ya majimaji inayoteleza usiweze kuishika. Alianza kuandika mashairi akiwa na miaka 7. Mama yake, Jane, alifariki mwaka 1848, Frances akiwa na miaka 11, na kabla ya kuondoka alimwachia binti huyo neno ambalo hakulisahau hadi mwisho: amwombe Mungu amtayarishe kwa yote ambayo Mungu anamtayarishia. Baada ya msiba huo aliishi miaka kadhaa akiwa na huzuni ya ndani ambayo hakumwambia mtu, akitamani imani aliyoiona kwa wengine na kuona kwamba haimjii. Ilimjia mapema mwaka 1851, katika mazungumzo na mwanamke aliyeitwa Caroline Cooke, ambaye miezi michache baadaye aliolewa na baba yake na kuwa mama wa kambo. Kipaimara alikipokea katika kanisa kuu la Worcester mwaka 1854.

Kati ya hapo alipelekwa Ujerumani, katika shule ya wasichana mjini Düsseldorf, na huko aliongoza katika masomo. Alijua Kifaransa na Kijerumani, akajifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania ili asome Maandiko katika lugha zake za asili, na akayakariri Maandiko kwa kiasi ambacho leo tunaona vigumu kukiamini: Injili zote, Nyaraka, Ufunuo, Zaburi na Isaya. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ukimsoma kwa makini utaona kwamba karibu kila ubeti wake umesimama juu ya mstari wa Biblia, na mara nyingi juu ya mistari miwili au mitatu iliyosukwa pamoja. Hakuwa anatafuta maandiko ya kupamba mashairi. Maandiko yalikuwa yamekwisha kujaa kichwani mwake, na shairi lilitoka humo.

Wimbo wake wa kwanza uliopata kuenea aliuandika Ujerumani mwaka 1858, akiwa na miaka 21. Aliona picha ya Kristo iliyowekewa maneno yanayomwambia mtazamaji: hili nimekufanyia wewe, nawe umenifanyia nini? Akachukua penseli na kuandika mistari michache juu ya karatasi iliyokuwa karibu, akaisoma, akaona haina thamani, na nusura aitie motoni. Alipomwonyesha baba yake, mzee alimzuia kuitupa na akaitungia sauti. Baadaye, mwaka 1873, Mmarekani Philip Bliss aliutungia wimbo huo sauti nyingine, na kwa sauti hiyo ukazunguka dunia katika vitabu vya nyimbo za uamsho.

Miaka iliyofuata haikuwa na makuu ya kusimulia. Alifundisha watoto wa dada yake, aliendesha masomo ya Jumapili, aliimba peke yake jukwaani katika chama cha muziki cha mji wa Kidderminster, na alipiga kinanda kwa ustadi uliomfanya Ferdinand Hiller, mtunzi mashuhuri wa Cologne, aseme kwamba angeweza kuufanya muziki kuwa kazi yake ya maisha. Magazeti ya kikristo yalianza kununua mashairi yake. Hundi yake ya kwanza yenye uzito, mwaka 1863, ilikuwa ya pauni 10 na kidogo, na zile pauni 10 alimpa baba yake azitumie apendavyo. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1869. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, baba alifariki ghafla, na Frances akaitumia sehemu kubwa ya mwaka 1870 na 1871 kukusanya na kuhariri muziki wa mzee ili uchapishwe. Baada ya hapo alimsaidia kasisi Charles Snepp wa Perry Barr, karibu na Birmingham, kutayarisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kanisa kilichotoka mwaka 1872, na kwa kazi hiyo akawa anapitia mamia ya nyimbo, akipima mizani, akichagua tuni, akikataa zile ambazo maneno na sauti haviendi pamoja.

Huko Perry Barr ndiko lilikotokea jambo dogo linaloonyesha namna alivyoandika. Siku moja mwaka 1871 yeye na Snepp walikuwa wakitembea, wakafika kwenye shule ya wavulana, na kasisi akaingia ndani. Frances alikuwa amechoka, akasema atapumzika kwa kuegemea ukuta wa uwanja wa michezo. Baada ya dakika kama kumi Snepp alitoka, akamkuta anaandika juu ya bahasha kuukuu, na juu ya bahasha ile ulikuwamo wimbo mzima wa Kupaa kwa Bwana. Sauti yake pia aliitunga mwenyewe, akaiita Hermas. Jina hilo nitalirudia.

Mtu akisikia habari ya ukuta na bahasha anaweza kudhani kwamba kuandika kulikuwa jambo la bahati kwake. Yeye mwenyewe alieleza tofauti katika barua. Alisema kwamba kwake kuandika ni kuomba, kwamba hajioni akiandika hata ubeti mmoja peke yake, na kwamba anajisikia kama mtoto mdogo anayeandika huku akiinua macho kila baada ya sentensi na kuuliza aseme nini tena. Aliomba apewe katika kila mstari si mawazo na nguvu tu, bali kila neno, hata vina. Mimi ninayaamini maneno haya, na wakati huohuo ninaona kwamba maombi hayo yalipita katika sikio lililofundwa na mwanamuziki tangu utotoni na katika kichwa kilichojaa Biblia. Ile bahasha ilijazwa kwa dakika kumi baada ya maandalizi ya miaka thelathini.

Nisifiche pia kwamba si kila alichoandika kina kimo kimoja. Aliandika mengi mno, na mashairi yake marefu mara nyingi yanajizungusha mahali pamoja na kurudia utamu uleule hadi unapungua ladha. Alipobanwa na mizani fupi ndipo alipokuwa bora, na "Twae Wangu Uzima" kwa Kiingereza umeandikwa kwa mistari ya silabi saba tu, miwili miwili yenye kina kimoja, kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya neno la ziada.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1873 Frances alisoma kijitabu kidogo kilichohusu kujitoa kwa Kristo bila kubakiza, na mwanzoni mwa Majilio, kwa kumbukumbu yake mwenyewe tarehe 2 Desemba, alifikia uamuzi ambao aliusema daima kuwa ndio mpaka kati ya sehemu mbili za maisha yake. Mstari uliomshika ni 1 Yohana 1:7, usemao kwamba damu yake Yesu "yatusafisha dhambi yote". Mwezi uliofuata, Januari 1874, uamuzi huo ulijaribiwa mahali panapouma. Mchapishaji wake wa Marekani, ambaye Frances alikuwa amemwahidi kwa maandishi kwamba hatampa mwingine kazi zake huko, alifilisika katika msukosuko wa fedha wa wakati ule. Fedha aliyoitarajia ikapotea, na mlango wa wasomaji wa Marekani ukafungwa. Aliandika kwamba miezi miwili kabla ya hapo habari ile ingekuwa jaribu kweli kwake, lakini sasa maneno "mapenzi yako yatimizwe" hayakuwa tena pumzi ya kushusha, yalikuwa wimbo. Wiki chache baadaye aliandika "Twae Wangu Uzima". Unaona, Mwalimu, kwamba ubeti wa fedha na dhahabu uliandikwa na mtu aliyekuwa ametoka kupoteza fedha, wala si na tajiri aliyekuwa anatafuta mahali pa kuzimwaga.

Alikuwa amekwenda kukaa siku tano katika nyumba iitwayo Areley House, mkoa wa Worcestershire. Ndani yake mlikuwa na watu kumi. Wengine walikuwa wameombewa kwa muda mrefu bila kuamini, wengine waliamini lakini bila furaha. Frances aliomba apewe watu wote wa nyumba ile, na kwa ushuhuda wake mwenyewe, kabla hajaondoka kila mmoja alikuwa amepata baraka. Usiku wa mwisho, alipokuwa amekwisha kwenda chumbani, mwalimu wa watoto alimwita aende kwa mabinti wawili wa nyumba hiyo. Aliwakuta wanalia. Hayo ndiyo machozi ya ile habari yenu. Alikaa nao hadi karibu na saa sita ya usiku, nao wakaamini na kufurahi papo hapo, kisha akarudi kitandani akiwa na furaha iliyomnyima usingizi. Sehemu kubwa ya usiku aliitumia kusifu na kuurudia upya ule uamuzi wake wa Desemba, na katika hali hiyo ile mistari miwili miwili ikaanza kujiunda na kulia moyoni mwake kama kengele, mmoja baada ya mwingine, hadi ikaishia kwenye maneno ya kuwa wa Bwana daima, wa Bwana tu, na wote kabisa.

Hapakuwa na mahubiri, wala mnada wa vito. Kulikuwa na wasichana wawili waliotulizwa na mwanamke mmoja mwenye miaka 37 aliyeshindwa kulala.

Ahadi ikaanza kudaiwa mapema. Mwaka huohuo wa 1874 alishikwa na homa ya matumbo, akawa karibu na kufa, na ilimchukua miezi mingi kupata nafuu. Mwaka 1876 moto uliunguza kiwanda kilichokuwa kinachapa kiambatisho cha muziki alichokiandaa kwa kile kitabu cha Perry Barr. Bamba zote za chapa ziliteketea, naye hakuwa na nakala ya kazi yake, ikambidi aianze tena tangu noti ya kwanza. Kazi ya namna ile si ya kuimba. Ni ya kuketi mezani na kuandika vichwa vya noti kimoja kimoja, sauti nne, ukurasa kwa ukurasa. Aliifanya. Kuhusu ule mstari wa wimbo unaomtolea Mungu sauti, mwanamke aliyewahi kusifiwa katika kumbi za muziki aliamua kwamba tangu wakati huo ataimba nyimbo za Mungu tu, na akaalikwa katika nyumba za watu kwa sharti hilo hilo.

Mstari wa fedha na dhahabu ulimfikia Agosti 1878. Mama yake wa kambo alikuwa amefariki mwezi Mei mwaka huo, nyumba yao ya mjini Leamington ilikuwa inavunjwa, na katika kupanga vitu Frances alikutana na sanduku la vito ambalo, kwa maneno yake, lingemfaa mke wa mtukufu. Alimwandikia rafiki kwamba Bwana amemwonyesha hatua nyingine ndogo, na kwamba maneno ya wimbo wake sasa yana maana ya kupeleka mapambo yake yote, pamoja na kile kijikabati chenyewe, kwa ofisi ya CMS, wapokee na kuyauza. Karibu vitu 50 vilifungwa. Alibakiza bruchi moja au mbili za kuvaa kila siku, zilizokuwa kumbukumbu ya wazazi wake, na kidani chenye picha ya mpwa wake aliyefariki. Na hata hivyo vichache hakuvibakiza bure, bali alivikomboa kwa kulipa thamani yake kwa chama. Akamaliza kwa kusema kwamba hajawahi kufunga sanduku kwa furaha ya namna ile.

Hapa kuna uhusiano na pwani yetu ambao waimbaji wako wataupenda, nao hauhitaji kuongezwa chumvi. Chama alichokipelekea baba yake zile pauni 180, na ambacho yeye alikipelekea vito, ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndicho kilichoanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru ya Freretown mwaka 1875, na wamisionari wake wa kwanza walimfikia Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1877. Sanduku la Frances lilipofika London, hizo ndizo zilikuwa baadhi ya kazi zilizokuwa zinaomba fedha katika ofisi ile.

Baada ya Leamington alihamia kusini mwa Wales, akaishi na dada yake Maria katika ghuba ya Caswell, karibu na Swansea. Huko alijiunga kwa nguvu na kazi ya kuwashawishi vijana waache pombe. Mei 1879 alitoka akiwa amepanda punda, ameshika daftari la kuandikia ahadi, na wavulana wa kijiji wakamfuata nyuma kama kikosi. Mvulana aliyekuwa anamwongoza punda alikumbuka baadaye kwamba Frances alimshauri ahame upande wa shetani aje upande ulio salama, kwa kuwa upande wa Kristo ndio unaoshinda. Siku hiyo hali ya hewa ilichafuka, akarudi nyumbani amelowa na kushikwa na baridi. Ugonjwa ukashuka tumboni, utando wa ndani ukavimba, na maumivu yalikuwa makali mno. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 1879, mbele ya ndugu zake, aliimba kwa sauti hafifu lakini inayosikika ubeti wa kumtumaini Yesu, ulioandikwa na mwingine, akiuimba kwa sauti yake mwenyewe ya Hermas. Muda mfupi baadaye alifariki, akiwa na miaka 42. Alizikwa Astley, na juu ya jiwe la kaburi uliandikwa ule mstari wa 1 Yohana 1:7. Maria aliandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1880, na mambo mengi niliyokueleza hapa yanajulikana kwa sababu dada huyo alizihifadhi barua.

Kuhusu tuni: Frances mwenyewe aliuimba wimbo huu kwa sauti iitwayo Patmos, iliyotungwa na baba yake, na alieleza wazi kwamba angependa maneno hayo yaandamane nayo. Marekani na sehemu nyingine wamezoea zaidi Hendon, ya César Malan wa Geneva. Ikiwa kwaya yako ina muda wa mazoezi, na mkaipata Patmos katika noti, ningefurahi sana mkiimba walau ubeti mmoja kwayo, kisha mrudi kwenye sauti ambayo usharika unaijua.

Limebaki swali la ubeti wa fedha na dhahabu, na hapa simshauri mtu kwa maoni yangu, kwa sababu mtunzi alilijibu. Katika miezi ya mwisho ya uhai wake alimaliza kitabu ambacho kilitoka baada ya kifo chake, kikiuchambua wimbo huu mstari kwa mstari, kila jozi kwa sura yake: uzima, saa na siku, mikono, miguu, sauti, midomo, fedha na dhahabu, akili, nia, moyo, upendo, na mwishowe nafsi yenyewe. Alipofika kwenye fedha alikuta tayari kuna watu wenye wasiwasi uleule wa waimbaji wako. Aliwajibu kwamba kumwambia Bwana kuwa hutazuia hata senti hakumaanishi kwamba ukiwa na shilingi kumi mfukoni umeahidi kuzitia zote katika sahani ya sadaka inayofuata, maana hapo hutakuwa na kitu kwa hitaji litakalokuja baada yake. Kunamaanisha kwamba kila shilingi unaishika kwa ajili yake na kuitumia kwa ajili yake, iwe ni ya sadaka, iwe ni ya chakula, iwe ni ya viatu vya mtoto. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa ameuimba ubeti ule miaka minne na nusu huku sanduku lake la vito likiwa bado nyumbani, wala hakujiita mwongo. Mwanga ulipomfikia, alilifunga sanduku.

Kwa hiyo msiuruke. Ikiwa muda ni mfupi, afadhali mpunguze kurudia mistari ya mwisho, au muimbe beti mbili mbili bila kinanda kuingilia kati. Na msimulizi wenu, badala ya habari ya mjane na mnada, asome tarehe mbili tu kabla kwaya haijaanza: 4 Februari 1874, na Agosti 1878, akieleza kilichotokea katika kila moja.